Susu, Tuombee kwa Ufupi

Nimeambiwa nifupishe maombi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nimeambiwa kanisani, nimeambiwa matangani, nimeambiwa kwenye harusi moja ambapo bwana harusi mwenyewe alikuwa akinivuta leso kwa nyuma. Sijawahi kutii. Ukimpigia Mungu simu, ongea naye. Usiiache ilie mara moja ukakata.

Lakini maombi ambayo watu wa hapa Machakos bado wananiuliza ni yale niliyoomba chuo kikuu, mbele ya watu wa benki. Wengi wamehadithiwa na watu ambao hata hawakuwepo, na chumvi imeongezwa. Mama mmoja sokoni aliniambia eti niliomba mpaka projekta ikazimika. Projekta ilizimika yenyewe, na mimi nilikuwa nimeshasema amina. Wacha niseme ilivyokuwa.

Mjukuu wangu alikuwa mwaka wa mwisho, akisomea mambo ya fedha. Tunaishi wawili, mimi na yeye, nje kidogo ya mji, kwenye shamba lililokatwa matuta kama ngazi. Mimi shule niliiacha kabla haijanizoea. Nasoma Biblia, nasoma gazeti likifungiwa nyama, na hayo yamenitosha. Yeye ndiye wa vitabu.

Sasa huko chuoni mtoto hamalizi masomo mpaka akae kwanza kwenye ofisi fulani miezi kadhaa, afundishwe kazi na wenye kazi. Wanaita atachimenti. Na ofisi ya kukuchukua unajitafutia mwenyewe. Wenzake walishapata, huyu kupitia mjomba, yule kupitia shangazi. Mjomba wa mjukuu wangu ana bodaboda. Basi msichana aliandikia ofisi za Nairobi mpaka akachoka, na hakuna hata moja iliyojibu kusema hapana. Chuo nacho kilikuwa kimesema wazi kwamba asiyekuwa na ofisi kabla ya muhula kufungwa atangoja mwaka mzima. Mwaka mzima wa kukaa hapa akinitazama nikichambua maharagwe! Hata mimi nilimwonea huruma, na mimi si mtu wa huruma za ovyo.

Siku moja akaja nyumbani mbio, viatu mkononi.

"Susu! Wataalamu wanakuja chuoni. Kutoka Nairobi. Wa benki, wa bima, watu wakubwa!" Susu ni nyanya, kwa Kikamba chetu.

"Wanakuja kufanya nini?"

"Kutufundisha mambo ya fedha endelevu."

"Hiyo ni nini?"

"Ni pesa ya kukopeshwa na kuwekezwa bila kuharibu dunia."

"Kwani hii nyingine ilikuwa inaharibu?"

"Ndiyo, Susu."

"Na wao walikuwa wanajua?"

"Susu, wacha nimalize! Wamechagua wanafunzi watatu wasimame mbele yao, kila mmoja aeleze mradi wake, dakika kumi. Mimi ni mmoja. Hapo ndipo watu huchukuliwa. Wakikupenda, umepata ofisi."

Mradi wenyewe ulikuwa juu yetu, akina mama wa mwethya. Mwethya ni sisi kwa sisi kufanyiana kazi. Leo kwako, kesho kwangu, na kazi ya wote tunaifanya wote. Sisi tunajenga mabwawa ya mchanga. Unajenga ukuta kukata mto ambao hukauka, mvua inaleta mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga hata jua likiwaka namna gani. Mawe tunabeba wenyewe. Shida ni saruji. Tulienda kukopa, wakatuuliza hati ya shamba. Mto hauna hati ya shamba. Tukarudi nyumbani.

Mjukuu wangu akatunga mkopo wake. Kikundi kinakopa saruji, kinalipa baada ya mavuno, na mvua ikikataa, malipo yanapumzika mpaka msimu mwingine. Alikuwa ameupanga kwa picha za kuonyesha ukutani, slaidi, na kila slaidi na maneno yake.

Hayo maneno niliyajua kuliko wimbo wa kanisa. Alifanya mazoezi jikoni asubuhi, akafanya jioni. Mitungi ya maji aliipanga ukutani ikawa ndiyo wageni, ule wa manjano ndio mkubwa wa benki. Na alikuwa anasoma kila kitu alichoandika, hata yale ya kujikumbusha mwenyewe. "Karibuni nyote. Hapa natabasamu. Slaidi ya kwanza." Mimi niko pale na maharagwe yangu, nasema, "Simama wima, mtungi hauogopwi hivyo."

Kulikuwa na mahali pamoja alipokuwa akipita mbio. Slaidi ya tano. Akifika hapo anasema "kama mnavyoona" na kuruka. Nikamuuliza, "Tunaona nini hapo?"

Akaketi. "Susu, hapo pana shimo. Mvua ikikataa msimu mmoja, mkopo unapumzika, sawa. Ikikataa miwili? Nani atalipa? Sijui. Nimetafuta jibu, sina. Naomba tu wasiulize."

"Naomba" hiyo niliisikia vizuri, nikaiweka.

Siku ilipofika nilienda naye. Mwalimu wao, kijana mmoja mwembamba mwenye tai na haraka nyingi, alikuwa ametaka mama mmoja wa kikundi akae kiti cha mbele ili wageni wamwone mwananchi mwenyewe. Nikavaa sketi yangu ya ibada na kitambaa cheupe cha kichwa, nikakaa hapo nionekane.

Tukangoja. Ukumbi ulikuwa mzuri, meza kuu ina kitambaa na chupa ndogondogo za maji ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Wanafunzi walikuwa kila mmoja na simu yake. Harufu ya pilau ilianza kuingia kwa dirisha tangu saa nne. Wageni walikuwa wamekwama kwenye msongamano pale Mlolongo, wakapiga simu wakisema wako karibu, wakapiga tena wakisema wako karibu zaidi. Mjukuu wangu alikuwa amekaa na wenzake wawili pembeni, midomo ikitembea bila sauti. Najua alikuwa slaidi ya ngapi.

Walipofika, ilikuwa karibu saa ya chakula. Mkubwa wao alikuwa mama wa benki, mnene kiasi, viatu vya kisigino na uso wa mtu ambaye hajanywa chai. Nyuma yake alikuwa bwana wa bima, mrefu, kichwa kinang'aa. Mwalimu akawapokea, akawaketisha, kisha akashika maiki.

"Kwa sababu ya muda," akasema, "tutaruka kidogo upande wa wanafunzi. Wageni wetu watazungumza, tutapiga picha, halafu tutakula. Miradi ya wanafunzi tutawatumia wageni kwa imeili."

Nikamtazama mjukuu wangu. Hakulia. Alikunja karatasi zake, akazikunja tena, akaziweka ndani ya mkoba na kufunga zipu polepole sana. Afadhali angelia.

"Tuanze na neno la maombi," mwalimu akaendelea. "Kasisi wetu naye hajafika, yuko kwa hiyo jam." Macho yake yakazunguka ukumbini yakaangukia kitambaa changu cheupe. "Susu pale mbele, tuombee. Kwa ufupi."

Nikasimama. Akaniletea maiki, nikaishika. Watu wote wakainuka na kufunga macho. Na hapo nikakumbuka kitu ambacho kila mtu wa nchi hii anakijua. Unaweza kumkatiza mheshimiwa, unaweza kumkatiza profesa, lakini hakuna binadamu anayeweza kumkatiza mama mzee anayeomba.

"Baba yetu na Mungu wetu," nikaanza. "Tunakushukuru kwa wageni hawa. Wamefika salama. Wamechelewa, Bwana, na wewe umeona. Kwetu kwa mwethya anayechelewa ndiye hubeba jiwe kubwa, lakini hawa hatutawabebesha, ni wageni. Tunakushukuru kwa viti. Tunakushukuru kwa pilau ambayo tumeisikia tangu asubuhi. Na sasa Bwana, kuna mtoto hapa ndani ambaye ametayarisha maneno yake na muda wake umeliwa. Lakini wewe huna haraka ya kurudi Nairobi. Kwa hivyo nakuletea maneno yake kama alivyoyapanga. Slaidi ya kwanza, Bwana."

Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu. Nafikiri ni mwalimu.

"Karibuni nyote. Hapa anatabasamu, Bwana. Anangoja kidogo." Nami nikangoja kidogo, maana ndivyo afanyavyo. "Slaidi ya kwanza ina picha ya mto wetu umekauka. Unaujua, wewe ndiwe uliyeuweka. Slaidi ya pili, akina mama wakibeba mawe. Yule wa mwisho aliyeinama ni mimi, na haikupigwa upande mzuri."

Msichana mmoja, rafiki wa mjukuu wangu, ndiye aliyekuwa amewekwa kwenye kompyuta. Nikasikia tik. Nikafungua jicho moja. Picha ya akina mama na mawe ilikuwa ukutani, kubwa kama nyumba. Nikasema slaidi ya tatu, nikasikia tena tik. Wanafunzi wameinamisha vichwa, mabega yanatetemeka. Na pale meza kuu, mama wa benki naye alikuwa na jicho moja wazi, anautazama ukuta. Tukaonana. Akafunga lake haraka, nami nikafunga langu.

Nikaeleza saruji. Nikaeleza ile hati ya shamba na jinsi mto hauna. Nikaeleza mkopo unaopumzika mvua ikikataa, na hapo mwalimu akasema kwa sauti ya juu, "Amina!"

"Amina!" ukumbi wote ukaitikia, kwa furaha kubwa.

"Na Bwana," nikasema, "msamehe yule anayesema amina kabla sijamaliza. Slaidi ya tano."

Hapa ndipo watu huninyooshea kidole. Walisema hapo chuoni, mjukuu wangu akasema, hata kasisi alipofika na kuhadithiwa akasema. Kwa nini ulisema hilo, Susu? Jamani, nilikuwa nikiongea na Mungu. Mlitaka na yeye nimwambie "kama mnavyoona"?

"Slaidi ya tano, Bwana, ndipo tunahitaji mkono wako. Hapo pana shimo. Mvua ikikataa misimu miwili, huyu mtoto hajui nani atalipa. Ameniambia mwenyewe. Amepanga kupita hapo mbio. Nakuomba, wafunge macho hawa wageni, mama wa benki na yule bwana wa bima, wasilione hilo shimo, wasiulize. Wamchukue tu mtoto kwenye ofisi yao, maana anataka kazi na mjomba wake ana bodaboda. Slaidi ya mwisho inasema asanteni. Amina."

Hakuna aliyeitikia. Watu walifungua macho na "Asanteni" ilikuwa ukutani, na maua pembeni. Kisha projekta ikazimika. Yenyewe.

Mjukuu wangu alikuwa amefunika uso kwa mkoba.

Mwalimu alishika maiki nyingine kama mtu aliyeshika nyoka, akasema, "Asante, Susu. Ahm. Moja kwa moja sasa tumkaribishe mgeni wetu wa heshima."

Mama wa benki akasimama. Alikuwa na karatasi zake, akazitazama, akazirudisha mezani.

"Nilikuja kuwaambia nyinyi vijana kwamba fedha endelevu ndiyo njia ya kesho," akasema. "Hiyo mtaisoma. Nataka kuuliza kitu. Mwenye slaidi ya tano ni nani?"

Ukumbi ukapiga kelele. Wanafunzi wa nyuma wakaanza kugonga viti, "Simama! Simama!" Mjukuu wangu akasimama.

"Wewe," mama wa benki akamwambia. "Nimeombewa nisiulize. Lakini nauliza. Misimu miwili imekataa. Mimi pesa niliyokukopesha si yangu. Ni ya mama kama huyu Susu wako, ameweka kwangu akiba ya karo. Januari amekuja anataka pesa yake. Nimwambie imepumzika?"

Hapo, nasema ukweli, nilishtuka. Siku zote nilidhani pesa ya benki ni ya benki. Sikuwa nimemfikiria huyo mama mwingine amesimama kwenye foleni Januari na mtoto mkononi. Nikamwonea huruma. Karibu nisahau niko upande gani.

"Sitaki umwambie hivyo," mjukuu wangu akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Akaletewa maiki ya mwalimu, ikawa kubwa. "Lakini ukuta ukishajengwa, msimu wa pili hautakuwa kama wa kwanza. Mchanga utakuwa umeshajaa, maji yako ndani. Akina mama watanyunyizia sukuma wiki, watauza."

Bwana wa bima akainama mbele. "Mchanga unaletwa na nini, dada?"

"Na mvua."

"Na mvua imekataa."

Mimi nilikuwa namwambia Mungu, kimya safari hii, "Si nilikuambia?"

"Basi sijui," mjukuu wangu akasema. Hakusema "kama mnavyoona". Alitazama mbele, wima kabisa, kama nilivyomfundisha na mitungi. "Hapo ndipo nimefika. Zaidi ya hapo sijui."

"Bima ya mvua ingelipa hapo," bwana wa bima akasema.

"Bima yako?" mama wa benki akamgeukia. "Ile inayopima mvua mahali pamoja na kusema wilaya nzima imelowa?"

"Sasa hiyo si haki. Tuweke kipimo kila kijiji? Gharama atalipa nani, wewe?"

"Mimi tena? Kila siku mimi?"

"Kule Katangi mvua hunyesha upande mmoja wa barabara," nikasema. Nilikuwa bado niko na maiki, hakuna aliyeninyang'anya.

"Unaona!" mama wa benki akasema.

"Na hata ukiweka vipimo, mbuzi wataviangusha," nikaongeza.

"Unaona!" bwana wa bima akasema.

Wakagombana hivyo mbele yetu, watu wazima, na nyuma wanafunzi wakaweka simu mfukoni, wengine wakawa wanasimama kuuliza. Msichana mmoja aliuliza kama benki yao hukopesha pia wale wa malori ya mchanga wanaochimba mito mpaka inabaki mifupa, na mama wa benki akajikuna shingo, akasema hilo ni swali zuri, na mtu wa benki akisema swali ni zuri ujue limemchoma. Pilau ilipoa. Mwalimu alisimama mlangoni akitazama saa, kisha akaacha kutazama, akaketi, akaanza kuandika.

Wakati wa chakula mama wa benki alikuja na sahani yake akakaa kando yangu.

"Mama, kumbe wewe huomba jicho likiwa wazi?"

"Na wewe husikiliza likiwa wazi," nikamwambia.

Akacheka, akatafuna. "Yule mtoto ni wako?"

"Ni wa binti yangu. Nimemlea mimi."

"Anajua kupika?"

"Vibaya. Kwani mnapika huko benki?"

"Nilikuwa nauliza tu," akasema, na akaomba kachumbari. Hakusema lingine. Nilimtazama akiondoka na gari lake, na hakuwa amechukua jina la mtu yeyote, angalau mimi sikumwona.

Njiani mjukuu wangu hakuniongelesha. Tulishuka, tukapanda ile njia yetu ya matuta, yeye mbele. Alipofika mlangoni akageuka.

"Susu, umeniaibisha mbele ya benki na bima na chuo kizima."

"Na Mungu?"

"Na Mungu!"

"Yeye alikuwa anajua."

Akaingia ndani akafunga mlango wa chumba. Siku zilizofuata alinijibu kwa "ndiyo" na "hapana". Mitungi ikarudi kuwa mitungi. Mimi pia nilikuwa na wasiwasi, sitakataa, maana muhula ulikuwa unakaribia kufungwa na simu yake ilikuwa kimya kama jiwe. Lakini sikuomba msamaha. Ningeomba msamaha wa nini? Walitaka maombi, wakapata.

Simu ilipolia alikuwa anafua. Nikaipokea mimi.

"Niko na mwenye slaidi ya tano? Namba nimepewa na mwalimu wake," sauti ikasema. Niliijua.

"Uko na nyanya yake."

"Mama, habari yako? Mwambie aje Jumatatu. Ofisini kwangu kila mtu anajua kila kitu. Sina hata mmoja wa kuniambia hajui. Nitampa hilo shimo lake akae nalo."

"Na mshahara?"

"Ni atachimenti, mama. Nauli na chai."

"Chai na nini?"

Mjukuu wangu alininyang'anya simu na mikono yote ina povu.

Jumatatu aliamka kabla ya kuku. Angeenda kukaa Mlolongo na yule rafiki yake wa kompyuta, awe anaingia Nairobi kila asubuhi. Alivaa blauzi niliyoipiga pasi mwenyewe, akatoa begi nje mlangoni, akarudi akasimama mbele yangu. Tulikuwa tumeshaanza kuongea kama watu, lakini bado kidogo.

"Susu, niombee kabla sijaenda."

Nikajifunga kitambaa vizuri. Nikamshika mkono, nikafunga macho, nikavuta pumzi.

"Kimoyomoyo, Susu," akasema. "Majirani wako nje."

Nikakubali. Nikamwombea kimoyomoyo, sauti haikutoka hata kidogo. Nilianza na slaidi ya kwanza. Nilipofungua macho alikuwa ameshaketi juu ya begi lake, kidevu mkononi, ananingoja nimalize.